Kumlisha mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa: mwongozo kamili kwa anayeuguza nyumbani

Mgonjwa akirudishwa nyumbani akiwa amepooza upande mmoja, jiko zima hugeukia vyakula vya mgonjwa: uji mwepesi, supu, chai ya maziwa, juisi ya embe. Kwa mwenye malaria vingefaa. Kwa aliyepatwa na kiharusi, hivyo ndivyo vyenye hatari kuliko karibu kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, na maji matupu ya kunywa ndiyo yanayoongoza. Mwongozo huu ni wa yule anayeshika kijiko, awe mke, binti, mjukuu au dada wa kazi. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache. Wewe unamlisha kila siku.

Kwa nini maji, na siyo ugali

Weka kidole juu ya kongomeo, ule mfupa laini (gegedu) wa mbele ya shingo, kisha umeze mate. Umeusikia ukipanda na kushuka. Ukipanda, kifuniko kidogo hulala juu ya njia ya hewa, pumzi husimama kwa muda mfupi sana, na tonge hupita nyuma kuingia kwenye umio, yaani njia ya kwenda tumboni. Njia hizo mbili zimepakana, na ubongo ndio unaoamua lini ya hewa ifungwe.

Kiharusi huvuruga mpangilio huo wa wakati. Ulimi wa upande mmoja umelegea, amri kutoka kwenye ubongo inachelewa, kongomeo linapanda kwa uvivu. Maji hayangoji. Yanateremka kabla njia ya hewa haijafungwa na kuishia kwenye mapafu pamoja na vijidudu vya mdomoni, na siku chache baadaye mgonjwa ana nimonia. Kitu kizito na laini hutembea polepole, kikampa muda wa kujipanga.

Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida hii siku za mwanzo. Wengi hurejea vizuri ndani ya wiki chache, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumvusha salama katika kipindi hicho.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hazijaambiwa: mtu anaweza kupaliwa bila kukohoa hata kidogo. Hisia za kooni zimekufa ganzi, chai inaingia mapafuni, na yeye anakutazama tu. Kwa hiyo "mbona hakohoi" si ushahidi kwamba anameza vizuri.

Saa za kwanza: usimpe kitu chochote mdomoni

Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki: mkimbize hospitali, na njiani usimpe maji, asali, soda wala kidonge cha presha. Aspirini pia usimpe. Kuna aina ya kiharusi ambayo ni mshipa uliopasuka na kuvuja damu, na bila picha ya kichwa hakuna anayeweza kujua ni aina ipi.

Hospitalini, omba jambo hili kwa maneno ya wazi: "Naomba apimwe kumeza kabla hajala." Muuguzi aliyefundishwa anaweza kulifanya kando ya kitanda. Huangalia kama mgonjwa yuko macho, kama anaweza kukaa na kukohoa akiambiwa, kisha humpa maji kwa kijiko cha chai, na akivuka hapo, kwa kikombe. Usijaribu kipimo hiki mwenyewe sebuleni. Hospitali kubwa zina vipimo vya ndani zaidi: kumeza dawa ya bariamu huku eksirei ikipigwa mfululizo, au kamera nyembamba inayopitishwa puani. Wataalamu wa tiba ya usemi na kumeza bado ni wachache Afrika Mashariki, na nje ya miji mikubwa huenda usimpate hata mmoja. Hapo mwulize daktari au mtaalamu wa fiziotherapia wa wodi maswali matatu, na usiondoke bila majibu: ale chakula cha ulaini gani, vinywaji viwe vizito kiasi gani, na arudi lini kupimwa tena.

Je, ni shida ya koo kweli?

Kabla hujaendelea, hakikisha tunazungumzia ugonjwa mmoja. Mtu anayesema chakula kinapita kooni vizuri kisha kinakwama kifuani hana shida hii. Kama ilianza na nyama na ugali, baadaye ikawa wali, sasa hata uji unasumbua, na suruali zinamvuka kwa kukonda, hiyo ni dalili ya saratani ya umio hadi kipimo kiseme vingine. Ugonjwa huo ni mwingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia magharibi mwa Kenya na Kilimanjaro hadi Malawi. Hapo kuongeza uzito wa uji ni kupoteza muda. Anahitaji kamera ya kuangalia umio upesi. Hospitali ya Tenwek kule Bomet inajulikana kwa kuweka bomba dogo la waya linaloufungua umio ulioziba ili mgonjwa ale tena.

Mwenye virusi vya UKIMWI anayeumia akimeza, tena ana utando mweupe mdomoni, mara nyingi ana fangasi wa umio, na vidonge vya flukonazoli humsaidia ndani ya siku chache. Mtoto aliyewahi kunywa kostiki soda ya kutengenezea sabuni anaweza kupata kovu linalobana umio wiki kadhaa baadaye. Hao wote ni wa hospitali kwanza.

Wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) na wazee waliopoteza kumbukumbu wanafanana zaidi na wa kiharusi, na mengi yaliyomo humu yanawahusu. Tofauti yao ni kwamba hali huteremka taratibu badala ya kupanda.

Hatua ya 1: pima uzito wa kinywaji

"Uji mzito" wa nyumba moja ni "mwepesi" wa nyumba nyingine, kwa hiyo tusikisie. Kuna mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI unaopanga vyakula na vinywaji kuanzia ngazi 0, ambayo ni maji, hadi ngazi 7, ambayo ni chakula cha kawaida. Uzuri wake ni kwamba vinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10 linalouzwa kila duka la dawa.

Toa sindano, chomoa kisukumio cha ndani, ziba tundu la chini kwa kidole. Jaza kinywaji hadi alama ya 10. Achia kidole, hesabu sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Kama kimebaki chini ya mililita 1, hicho ni sawa na maji. Kati ya 1 na 4 ni ngazi ya 1, kati ya 4 na 8 ni ya 2, zaidi ya 8 ni ya 3. Kisipotoka kabisa ni ngazi ya 4, kitu cha kula kwa kijiko. Jaribu kwanza kwa maji: yakibaki, bomba lako lina tundu jembamba mno au ni la muundo tofauti, tafuta jingine.

Pima kikiwa kwenye joto lile lile atakalonywea. Uji uliotoka jikoni na uji uliokaa nusu saa mezani ni vitu viwili.

Unga maalumu wa kuongezea uzito ni ghali na haupatikani kila mahali. Kon-flawa inafanya kazi, ila lazima ipikwe. Koroga vijiko viwili vya chai kwenye maji baridi kidogo, mimina katika glasi moja ya maji, chai au maziwa yanayochemka huku ukikoroga, acha itokote kidogo, poza, pima, kisha ongeza au punguza. Juisi ya embe, papai au parachichi huwa na uzito wake wenyewe, lakini ipime pia.

Halafu kuna hili linalowachanganya wengi. Umepika uji mzito vizuri, umepima, umeanza kulisha, na dakika kumi baadaye uji wa bakulini umekuwa maji. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kila kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi bakulini kinabeba mate. Weka uji mwingi pembeni, chota kidogo kidogo kwenye kibakuli kingine, na ukiona umelegea, mwaga.

Usiende mbali kuliko ulivyoambiwa. Kinywaji kizito kupita kiasi hubaki kooni baada ya kumeza na kuteleza baadaye, tena hakimalizi kiu, mgonjwa anaanza kukataa kunywa. Hakikisha anapata takriban lita 1.5 kwa siku, vinywaji na majimaji ya chakula pamoja, isipokuwa daktari amezuia kwa ajili ya moyo au figo. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, maji hayatoshi.

Hatua ya 2: chakula chenyewe

Mapishi ya kwetu yana vitu ambavyo kama vimetungwa kwa kazi hii. Bokoboko la Pwani, ngano na nyama vilivyopondwa hadi kuwa kitu kimoja, likipikwa bila vipande na likalainishwa kwa mchuzi, ni chakula kamili. Mtori wa Kilimanjaro, supu nzito ya ndizi na nyama, ukipita kwenye blenda pamoja na nyama yake ni vivyo hivyo. Matoke yaliyopondwa, viazi au boga na maziwa, parachichi, papai lililoiva, mtindi mzito, maharage yaliyosagwa na kuchujwa maganda: vyote vinafaa. Karanga iliyosagwa ichanganywe ndani ya uji iongeze nguvu. Ikiliwa yenyewe inaganda kwenye paa la mdomo na inaweza kumkaba.

Kipimo cha ulaini: chota kijiko, kiinamishe. Chakula kilichosagwa sawasawa hushika umbo lake, kisha huanguka chote kwa mkupuo, kijiko kikabaki karibu safi. Kikinata, ongeza mchuzi. Kikitiririka, ni chepesi. Kwa aliyeruhusiwa chakula cha kupondwa chenye vipande, vipande visizidi milimita 4, ambayo ni nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida.

Vibaya zaidi ni vyenye hali mbili kwa pamoja: supu yenye vipande vya nyama, makande na maji yake, mkate uliochovywa kwenye chai, tikiti maji, chungwa. Mdomo unashughulika na kipande, majimaji yanateleza peke yake. Wali mkavu husambaa kooni punje punje. Samaki ana miiba, na mgonjwa asiyehisi vizuri mdomoni hawezi kuutoa kwa ulimi kama wewe. Mchambue kwa vidole, siyo kwa macho tu. Ugali mkavu usimpe. Kuhusu mrenda na bamia, maoni yangu ni kuwa waangalifu: ule utelezi tunaoupenda kwa ugali unakimbia kooni haraka kuliko anavyoweza kuudhibiti.

Hatua ya 3: mkao

Kiti kizuri nacho kinazuia kupaliwa, si mapishi tu. Mgonjwa akae wima, kiuno kimeegemea nyuma, miguu imekanyaga chini, mkono uliopooza umelala juu ya mto au meza. Kama hawezi kukaa kwenye kiti, pindua kiti cha plastiki kichwa chini, kilaze nyuma yake kitandani ili mgongo wa kiti uwe mteremko, weka mito juu yake. Godoro likiwa sakafuni, msogeze hadi ukutani.

Kichwa kisilale nyuma. Ukisimama mbele yake na kijiko, atainua uso kukutazama na njia ya hewa itafunguka wazi. Kaa, macho yenu yawe sawa. Wengine huambiwa washushe kidevu kifuani wanapomeza, wengine wageuze uso upande uliopooza. Mbinu hizi humsaidia mmoja na kumdhuru mwingine, kwa hiyo fuata ulichoagizwa kwa mgonjwa wako, usiige cha jirani wa wodini.

Baada ya kula abaki wima kwa dakika 30 angalau. Usingizi wa baada ya chakula usubiri.

Hatua ya 4: kijiko kwa kijiko

Awe macho kabisa. Mzee anayesinzia asilishwe, hata kama ni saa ya dawa. Zima televisheni, watoto watoke. Kama ana miwani au meno ya bandia yanayomkaa vizuri, mvalishe.

Tumia kijiko cha chai, kisijae. Kilete kutoka chini, usawa wa kidevu, akione. Kiweke katikati ya ulimi au upande wenye nguvu, kandamiza ulimi kidogo, afunge midomo, kisha utoe kijiko kikiwa sawa bila kukipangusia kwenye meno ya juu.

Sasa ngoja. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kijiko cha pili tayari kiko hewani. Tazama shingo: kongomeo lipande, lishuke. Mwambie kwa upole, "Baba, meza. Haya, meza tena, mate tu." Mmezo wa pili husafisha kilichobaki. Kila baada ya vijiko vichache mwambie aseme "aaa". Sauti ikitoka ya majimaji, kama ya mtu anayesukutua, kuna kitu kimekaa juu ya njia ya hewa: akohoe, ameze tena, na usimpe kingine hadi sauti iwe safi. Chungulia shavu la upande uliopooza, kwa maana chakula hujificha humo bila yeye kujua. Asiongee mdomo ukiwa na chakula, nawe usimwulize maswali.

Mlo usizidi dakika 30. Misuli inachoka, na vijiko vya mwisho ndivyo vya hatari. Ni bora milo sita midogo kuliko mitatu ya kushindana. Usimmiminie mdomoni kwa bomba, usimzibe pua ili ameze, usimpe mrija wala kikombe cha mdomo mrefu kama cha mtoto mpaka umeruhusiwa.

Wageni ni suala jingine. Watakuja na soda na juisi za pakiti, na shangazi mmoja atasema mnamnyima mzee maji. Andika karatasi, ibandike juu ya kitanda: HAPEWI KITU MDOMONI BILA KUMWULIZA FULANI. Na uwe na jina hasa, siyo "familia".

Dawa

Maji ya kumezea kidonge ni maji, na kidonge ndani ya maji ni hali mbili kwa pamoja. Vingi humezwa salama ndani ya kijiko cha mtindi au ndizi iliyopondwa. Kabla ya kusaga chochote, mwulize mfamasia. Nifedipini, dawa ya presha, ile ya kutoa dawa polepole ikisagwa, dozi ya saa nyingi huingia kwa pamoja na presha inaweza kuporomoka ghafla. Aspirini yenye gamba la kulinda tumbo na vidonge vya omeprazoli havisagwi pia. Mara nyingi kuna aina ya maji au ya kuyeyuka.

Mdomo msafi

Kazi hii hupuuzwa, nayo ni kinga kubwa ya nimonia, kwa sababu hata asiyekula anameza mate yake, na mate machafu yakienda mapafuni ndiyo yanayoleta maradhi. Piga mswaki asubuhi na usiku, na futa mdomo kila baada ya mlo. Mswaki mdogo na laini, uliolowa tu na si wa kuchuruzika, dawa ya meno chembe. Asiyeweza kutema, akae wima au alale ubavu, umfute kwa kitambaa safi kilichokamuliwa. Usiingize kidole katikati ya meno. Meno ya bandia yatoke usiku yasuguliwe.

Akiwekewa mpira

Ukitajwa mpira wa puani, nyumba nyingi husikia kwamba mgonjwa amekwisha. Sivyo. Ni njia ya kumpa chakula, maji na dawa wakati koo linapona, na wengi hutolewa. Ukihitajika kwa muda mrefu, zaidi ya mwezi hivi, daktari anaweza kushauri mpira unaoingia moja kwa moja tumboni.

Kila kabla ya kulisha, angalia alama iliyowekwa karibu na pua. Ikiwa imesogea, au mgonjwa ametapika au kukohoa sana, usipitishe kitu hadi mhudumu wa afya athibitishe mpira uko tumboni. Mwinue angalau nyuzi 30, pitisha maji safi mililita 30, mimina chakula kilichosagwa na kuchujwa kishuke chenyewe bila kusukuma, malizia na maji mililita 30. Mililita 200 hadi 300 kwa mlo hutosha. Mpira hauondoi hatari ya nimonia, kwa hiyo mswaki na mkao wa wima vinaendelea.

Mrudishe hospitali, na siyo kesho

Homa, kupumua haraka, makohozi mapya, kifua kinachokoroma baada ya kula, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida yake, kukataa kunywa siku nzima. Mpime uzito kila wiki kama mnaweza. Akipungua mfululizo, chakula hakitoshi hata kama bakuli linarudi tupu.

Akikabwa na anaweza kukohoa, mwache akohoe, mwinamishe mbele, usimpe maji. Akishindwa kukohoa, kusema na kupumua, mwinamishe na umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Bado? Simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara 5. Badilishana hivyo mpaka kitoke, huku mwingine akiita msaada. Akizimia, mlaze chini chali na anza kumkandamiza kifua.

Kupandisha ngazi

Akianza kumaliza mlo ndani ya nusu saa bila sauti ya majimaji, kifua kikiwa safi, rudini kupimwa tena. Mkiruhusiwa kusogea, badilisha kitu kimoja kwa wakati: chakula kikipanda ngazi, kinywaji kibaki kilekile. Jaribu badiliko jipya mchana, wakati hajachoka na wewe una muda, kisha mwangalie siku mbili tatu. Homa ikija, rudi kwenye ngazi ya awali na umpeleke hospitali. Mazoezi ya kumeza kwa nguvu au kusukuma kijiko kwa ulimi yafanyike kama alivyoelekeza mtaalamu, kidogo kila siku. Ugali na nyama vinaweza kurudi mapema kuliko unavyodhani. Maji matupu mara nyingi ndiyo ya mwisho, na yakiruhusiwa, yaanze kwa vijiko, mdomo ukiwa umepigwa mswaki kwanza.